Dawa za Nusukaputi na Kanieneo ya Jicho la Farasi

Farasi aliyejeruhiwa jicho humfikia daktari wa mifugo akiwa na shida mbili kwa pamoja. Ya kwanza yaonekana: konea, yaani ule utando angavu ulio mbele ya jicho, umechubuka au umetoboka. Ya pili haionekani upesi. Mnyama mwenye uzito wa kilo 400 au 500, aliye na maumivu na hofu, hawezi kushonwa jicho bila dawa; sharti atulizwe, na mara nyingi alazwe kabisa kwa nusukaputi. Hapo ndipo penye hatari ambayo makala hii inakusudia kuieleza. Dawa ile ile imlazayo farasi ili jicho lake liokolewe yaweza, ikichaguliwa vibaya au ikitolewa bila uangalifu, kulikamua jicho hilo na kulipoteza.

Msomaji aliyeko Misugusugu, katika Mji wa Kibaha, aonaye malori tu yakipita katika barabara kuu ya Morogoro, aweza kuuliza farasi wanamhusu nini. Swali hilo ni la haki. Pwani yetu na nyika iliyo nyuma yake haikuwa nchi ya farasi. Mbung'o waliwaambukiza ugonjwa wa nagana, na visubi waliwaletea ugonjwa mwingine uuao upesi, ujulikanao kama maradhi ya farasi ya Afrika. Ndiyo sababu mizigo ya misafara ya karne ya 19 iliyotoka Bagamoyo kwenda bara ilichukuliwa na wapagazi, si na wanyama. Stanley alipoondoka Bagamoyo mwaka 1871 alikuwa na farasi wawili. Wote wawili walikufa kabla msafara haujafika Morogoro. Hata hivyo farasi wapo Afrika Mashariki. Jeshi la Polisi la Tanzania lina kikosi cha mbwa na farasi, na Nairobi kuna mashindano ya farasi katika uwanja wa Ngong. Zaidi ya hao tunao punda, ambao ni ndugu wa karibu wa farasi, na jicho la punda limeumbwa kwa namna ile ile. Tena kanuni tutakazozieleza hapa ni za fizikia. Haziulizi kama jicho ni la farasi, la punda au la mwanadamu.

Kani juu ya eneo

Neno kanieneo limebeba maana yake ndani yake: ni kani igawanywayo kwa eneo. Kani hupimwa kwa nyutoni, eneo kwa mita za mraba, na jibu likawa katika paskali. Madaktari wameendelea kutumia kipimo cha zamani, milimita za zebaki, ambapo milimita moja ni sawa na paskali 133 hivi. Jicho la farasi mzima lina kanieneo ya milimita 15 hadi 30 za zebaki, na wastani wake ni kama milimita 23. Jicho la mwanadamu lina milimita 10 hadi 21. Ili msomaji aone udogo wa jambo hili, na alinganishe na maji: milimita 23 za zebaki ni sawa na kanieneo iliyo chini ya maji yenye kina cha sentimita 31. Rula ya shule ina sentimita 30. Hiyo tu ndiyo nguvu inayolifanya jicho la farasi liwe duara, lisilegee kama embe bovu.

Je, yawezekanaje kupima kanieneo ndani ya kitu bila kukitoboa? Jaribio lifuatalo lafaa kufanywa darasani, nalo halihitaji zaidi ya mpira wa miguu. Weka mpira juu ya pete ya kitambaa ili usibingirike. Paka chaki nyingi upande wa chini wa ubao mdogo ulio sawasawa, kisha uweke ubao huo juu ya mpira pamoja na mfuko wa mchanga wenye uzito wa kilo 5. Wanafunzi wawili waushike ubao usielemee upande mmoja, bila kuukandamiza wala kuuinua. Ondoa mzigo, na upime eneo la alama ya chaki iliyobaki juu ya mpira kwa karatasi ya mraba. Ikiwa alama ni duara lenye kipenyo cha sentimita 4, eneo lake ni sentimita za mraba 12.6 hivi; kani ya kilo 5 ni nyutoni 49; kwa hiyo kanieneo iliyomo ndani ya mpira, zaidi ya ile ya hewa ya nje, ni karibu paskali 39,000. Jaza upepo zaidi na urudie: alama itapungua. Ugumu wa ngozi ya mpira utaleta kosa dogo, nalo ni jambo jema kwa mwalimu, kwa sababu konea nayo ina ugumu wake na huleta kosa la namna hiyo hiyo.

Ala aliyoibuni Hans Goldmann huko Bern, Uswisi, katika miaka ya 1950 kwa ajili ya macho ya watu, ni jaribio hilo hilo lililofanywa kwa ustadi. Ala yake husawazisha duara la konea lenye kipenyo cha milimita 3.06, na kipimo hicho hakikuchaguliwa kwa bahati: kwa duara la ukubwa huo, kani ya gramu 1 ni sawa sawa na milimita 10 za zebaki. Farasi hawezi kuketi mbele ya ala ya Goldmann na kuweka kidevu chake mahali pake. Kwake hutumika ala ndogo mfano wa kalamu, iguswayo kwenye konea baada ya kudondoshwa dawa ya ganzi, au ala nyingine iliyovumbuliwa Ufini, ambayo hurusha kijiti chepesi kikaligonga jicho na kurudi. Jicho gumu hukirudisha kijiti upesi kuliko jicho laini, kama vile mpira uliojaa urudishavyo jiwe.

Maji yaingiayo na yatokayo

Nyuma ya konea kuna maji maangavu yasiyotulia. Hutengenezwa mfululizo na tishu iliyo nyuma ya irisi, hupita katika mboni, hulisha lenzi na konea, kisha huchujwa na kutoka kwenye pembe ambapo irisi hukutana na konea. Sehemu nyingine hupenya kati ya tabaka za ukuta wa jicho. Maji yakitengenezwa kwa wingi, au njia ya kutokea ikiziba, kanieneo hupanda polepole. Huo ndio ugonjwa wa glakoma, uuao neva ya jicho.

Lakini mabadiliko yanayotokea katika dakika chache za nusukaputi kwa kawaida hayatokani na maji hayo. Hutokana na mambo mawili mengine: damu na misuli. Chini ya retina kuna tabaka lililojaa mishipa ya damu, liitwalo koroidi, ambalo huvimba damu ikizidi. Na nje ya jicho kuna misuli iligeuzayo, pamoja na misuli ya kope, ambayo kwa farasi ina nguvu kubwa mno. Farasi ana misuli mingine pia, ambayo mwanadamu hana, ivutayo jicho zima kulirudisha ndani ya tundu lake.

Ili kuona kwa nini damu kidogo yaweza kuleta badiliko kubwa, chukua chupa laini ya plastiki, uijaze maji ya rangi hadi pomoni, na upitishe katika kifuniko mrija mwembamba unaoonyesha ndani, wenye urefu wa nusu mita. Ziba kwa nta ya mshumaa. Sasa ibonye chupa kwa vidole viwili tu. Maji yatapanda katika mrija, na urefu wa kupanda kwake ndio ongezeko la kanieneo: kila sentimita 10 ni milimita 7 na zaidi kidogo za zebaki. Vidole ni misuli. Ukiongeza maji machache kwa bomba la sindano, hiyo ni damu iliyoingia katika koroidi. Chupa, kama jicho, imejaa kitu kisichokubali kushindiliwa, na ukuta wake haunyumbuki sana. Kwa hiyo hata ujazo mdogo hauna pa kwenda ila juu. Kisha toboa chupa ubavuni kwa pini na ubonye tena. Mchirizi utokao hapo, katika jicho lililotoboka, si maji peke yake. Irisi hufuata, na pengine lenzi.

Dawa moja moja

Tuanze na iliyo mbaya kuliko zote. Suksamethoniamu hupoozesha misuli ya mwili. Katika miaka ya 1950 na 1960 baadhi ya madaktari waliitumia peke yake kuwaangusha farasi, hasa kwa kuhasi. Haikuwa nusukaputi hata kidogo: mnyama alilala akiwa na fahamu zake zote na maumivu yote, ila hakuweza kujitikisa. Desturi hiyo imelaaniwa, na ni haki. Kwa jicho ina ubaya wa ziada. Misuli mingine hulegea mara baada ya kutikisika, lakini misuli iligeuzayo jicho ina nyuzi ambazo dawa hii huzikaza na kuziacha zimekaza kwa dakika kadhaa. Ni vidole vilivyobaki juu ya chupa. Farasi mwenye jicho lililotoboka hapaswi kuipewa.

Zailazini, iliyotengenezwa Ujerumani mwaka 1962, na detomidini iliyofuata baadaye, ni dawa za kutuliza. Farasi hubaki amesimama, akasinzia, midomo ikalegea. Vipimo vilivyochapishwa mwaka 1995 vilionyesha kwamba zailazini ikidungwa katika vena hupunguza kanieneo ya jicho la farasi kwa karibu robo. Hilo ni jambo la kufurahisha, nasi tutarudi kwake, kwa maana furaha hiyo ina kasoro.

Ketamini imezua mabishano zaidi. Ilitengenezwa Marekani mwaka 1962, na tangu mwaka 1985 imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, kwa sababu hufaa hata pale pasipo mashine kubwa za nusukaputi. Hospitali nyingi za Afrika huitegemea, na madaktari wa mifugo vilevile. Mwenye kulazwa na ketamini hawi kama mtu aliyelala: macho hubaki wazi, mara nyingine yakicheza, na misuli haipotezi ukakamavu wake. Kwa hiyo ketamini peke yake huelekea kupandisha kanieneo ya jicho. Lakini farasi hapewi ketamini peke yake. Akipewa hivyo hupata wazimu na mikakamao. Hutangulizwa zailazini au detomidini, na mara nyingi diazepamu huongezwa ili kulegeza misuli. Baada ya matayarisho hayo upandaji huwa mdogo, au hauonekani kabisa. Kwa maoni yetu, basi, si sahihi kuandika katika daftari, kama ifanywavyo mara nyingi, kwamba "ketamini ni mbaya kwa jicho". Lililo sahihi ni kuuliza imetanguliwa na nini. Kwa punda liongezwe jambo moja: mwili wake huiondoa ketamini upesi kuliko mwili wa farasi, na asiyejua hilo atamwona mnyama akiamka sindano ikiwa bado jichoni.

Thiopentali na propofoli huteremsha kanieneo. Mvuke wa halothani, na wa aisoflureni ambayo imechukua nafasi yake mahali pengi, nao pia huteremsha, mradi mnyama anapumua vema. Sharti hilo ni zito. Farasi aliyelazwa hupumua kwa uvivu, kwa kuwa matumbo yake mazito huyaelemea mapafu. Kabonidioksidi hulimbikizana katika damu, mishipa ya koroidi hutanuka, na jicho hujaa. Dawa haijabadilika, ni pumzi iliyobadilika. Mtaalamu aangaliaye jicho tu bila kuangalia kifua hatajua kilichotokea.

Kichwa kikiinama

Sasa turudi kwenye kasoro ya zailazini. Farasi aliyetulizwa huinamisha kichwa, mara nyingine hadi pua ikakaribia ardhi. Jicho ambalo lilikuwa juu ya moyo sasa liko chini yake, na damu ya vena haina budi kupanda mlima ili irudi. Hesabu ni rahisi: safu ya damu yenye urefu wa sentimita 10 huleta kanieneo ya karibu milimita 8 za zebaki. Mwili una njia za kulipunguzia jicho mzigo huo, kwa hiyo ongezeko lote halilifikii. Hata hivyo, vipimo vilivyochapishwa mwaka 2006 juu ya farasi waliotulizwa kwa detomidini vilionyesha kwamba kichwa kilipokuwa chini ya moyo, kanieneo ya jicho ilizidi kwa wastani wa milimita 8 hivi kuliko kilipokuwa juu ya moyo.

Tazama basi mambo yalivyo. Dawa hupunguza robo, yaani milimita 5 au 6 kwa farasi wa kawaida. Kuinama kunakoletwa na dawa hiyo hiyo huongeza 8. Daktari aliyechagua dawa iliyo bora kabisa kitabuni, kisha akakiacha kichwa kining'inie, amelifanyia jicho ubaya. Dawa yake ya pili haiuzwi dukani: ni meza, marobota ya nyasi, au bega la msaidizi mvumilivu, vya kukishikilia kichwa juu ya usawa wa moyo. Hatamu nayo isikaze shingo. Hata kidole gumba kinachoziba vena ya shingo wakati wa kudunga sindano kisikawie, kwa kuwa damu iliyozuiwa hapo hurudi nyuma hadi jichoni.

Kwa misuli ya kope kuna ufumbuzi mzuri. Neva iiendeshayo hupita juu ya mfupa, kati ya sikio na jicho, na yaweza kupapaswa kwa kidole chini ya ngozi. Mililita chache za dawa ya ganzi zikidungwa hapo, kope hulegea na farasi hawezi tena kulifinya jicho lake. Neva hiyo ni ya kuendesha misuli tu, si ya hisia. Konea yenyewe hubaki na maumivu, na hutaka matone yake.

Saa ya kuamka

Mtu akiamka kutoka nusukaputi hulala kitandani. Farasi huwaza kukimbia. Hujaribu kusimama kabla miguu haijapata nguvu, huanguka, hujigonga ukutani, na kichwa ndicho kinachotangulia. Katika hesabu kubwa zilizokusanywa katika nchi mbalimbali, karibu farasi 1 kati ya 100 waliopewa nusukaputi kamili alikufa, na baadhi ya hao walipatwa na ajali saa ya kuamka. Jicho lililoshonwa muda mfupi uliopita linaweza kupasuka tena kwa pigo moja, pigo ambalo hupandisha kanieneo kupita dawa yoyote tuliyoitaja. Kwa sababu hiyo farasi huvalishwa kinga ngumu ya jicho, na chumba cha kuamkia huwa na kuta za magodoro. Kwa sababu hiyo pia upasuaji mwingi wa macho ya farasi hufanywa siku hizi mnyama akiwa amesimama, kwa dawa za kutuliza na za ganzi peke yake. Anayefanya kazi mbali na hospitali, mwenye zailazini, ganzi na marobota ya nyasi, hayuko nyuma ya wakati kama anavyodhani.

Mazoezi

Daktari anapima jicho la farasi dakika chache baada ya zailazini, kichwa kikiwa juu ya moyo, na ala yasoma milimita 27. Anaandika kwamba jicho ni zima. Ikiwa dawa imepunguza robo, kanieneo ilikuwa kiasi gani kabla ya sindano, na je, aliyoyaandika ni kweli? Daktari mwingine anapima farasi mwingine ambaye kanieneo yake katika hali hiyo hiyo ya kutulizwa, kichwa kikiwa juu, ni milimita 24. Lakini yeye amemwacha aiinamishe pua hadi chini. Ala yake itasoma karibu ngapi, na atamtibu ugonjwa upi asio nao? Eleza ni mambo gani matatu kila mmoja wao angepaswa kuyaandika kando ya tarakimu yake ili daktari wa kesho aweze kulinganisha. Mwisho, rudia jaribio la chupa ukiwa umeunganisha kwenye kifuniko mrija wa pili wa mpira, uliojaa maji na wenye faneli mwishoni. Inua faneli sentimita 10, kisha 20, juu ya chupa, na uchore grafu ya urefu wa maji katika mrija wa kwanza. Linganisha mstari utakaoupata na ongezeko la milimita 8 lililoonekana kwa farasi, ukikumbuka kwamba chupa haina mwili wa kuilinda.